Mstari wa Kumi Mbona Hamuudai?

Kama mistari ya Biblia ingelipwa kila inapotumika, Yeremia 29:11 ungekuwa na nyumba Mikocheni na nyingine Dodoma ya kufikia wakati wa Bunge. Nimeuona kwenye kioo cha nyuma cha daladala, kwenye kikombe cha chai, kwenye kalenda ya duka la dawa, kwenye fulana za kwaya, na juzi kwenye kadi ya mchango wa harusi, chini kabisa, karibu na namba ya kutuma fedha. Ni ule mstari ambao Mungu anawahakikishia watu wake kwamba anayoyapanga juu yao ni mema na kwamba kesho yao ipo. Mstari mzuri, sina ugomvi nao. Ugomvi wangu unahusu jirani yake wa juu. Mstari wa kumi, uliopakana nao ukuta kwa ukuta, hauna hata stika moja mjini humu.

Na sababu yake naijua. Mstari wa kumi unasema mema hayo yote yatakuja Babeli ikishatimiza miaka 70. Sabini! Sura hiyo ni barua. Yeremia aliituma kutoka Yerusalemu kwa watu waliochukuliwa mateka na Nebukadreza, na kabla hajafika kwenye maneno ya kuchapwa kwenye vikombe aliwaagiza wajenge nyumba huko huko, wapande bustani, waoe, waoze watoto, na wauombee mji uliowateka. Mtu aliyesomewa barua hiyo akiwa na miaka 30 alikuwa anaambiwa kwa adabu kwamba atazikwa ugenini, na tumaini lile watakuja kulifaidi wajukuu. Mchapie huyo kikombe tuone.

Wala msidhani watu wa kale waliipenda habari hiyo kuliko sisi. Sura moja kabla yake, nabii Hanania alikuwa amewatangazia watu kwamba mambo yataisha ndani ya miaka miwili tu. Akamvua Yeremia nira ya mti aliyokuwa ameivaa shingoni, akaivunja mbele ya umati. Hanania alikufa mwaka huo huo, lakini mtindo wake u hai. Leo angekuwa na kipindi redioni.

Haya yasingenihusu kama yangekuwa yanafanyika kanisani. Yanafanyika sebuleni kwangu. Kila Alhamisi jioni kundi la maombi la mama watoto linakutana kwetu. Televisheni inazimwa kabla ya taarifa ya habari, meza inasogezwa ukutani, nami napewa kiti cha plastiki karibu na mlango wa jikoni kwa sababu sofa zote zimekaliwa na watu wenye mzigo. Mimi ni Mlutheri wa kuzaliwa. Nimekulia kwenye Tumwimbie Bwana, kitabu chetu cha nyimbo na ibada, ambako sala ina mwanzo, ina mwisho na ina namba ya ukurasa. Mchungaji anasema lake, washarika tunajibu letu, na baada ya muda unaoeleweka watu wako nje wanaulizana habari za nyumbani.

Alhamisi hakuna ukurasa. Kiongozi wa maombi anafungua kwa kututangazia kwamba leo hatubembelezi, leo tunadai. “Baba, umesema! Si sisi tuliosema, ni wewe! Tunasimama na Neno lako, hatutoki hapa!” Kuhusu kutotoka, huwa hatanii. Kisha kila mtu anatoa andiko lake na kulipachika hitaji. Kijana wa duka la simu anadai viza ya Canada kwa Yoshua 1:3, ile ahadi ya kupewa kila mahali unyayo utakapokanyaga. Nikamnong'oneza mama watoto: atakanyagaje kabla ya viza? Akanikanyaga mimi. Mama wa vitenge ana mzigo umekwama Tunduma, naye anadai kwa Isaya 45, ile ya milango ya shaba kuvunjwa, ahadi ambayo kwenye Biblia yangu amepewa Koreshi, mfalme wa Uajemi. Mwingine anadai cheo kwa Kumbukumbu la Torati 28, kwamba atakuwa kichwa na siyo mkia. Sura hiyo ina mistari 68. Baraka zinaishia wa 14. Kuanzia wa 15 hadi mwisho ni laana tupu, kuna mpaka majipu ya Misri. Ukimsikia mtu anadai mistari 14 kati ya 68, ujue mkataba huo hajaugeuza upande wa pili.

Nilipothubutu kuuliza ruhusa ya kumsemesha Mungu namna hiyo imetoka wapi, nilipewa Isaya 43:26, ambapo Mungu mwenyewe anawaalika watu wake wamkumbushe, wakae naye wahojiane. Nikafungua. Kweli ipo. Ila nikaendelea kusoma, tabia ambayo sebuleni kwangu inahesabiwa uasi. Mstari wa 27 unaanza na makosa ya baba yako wa kwanza. Yaani umeitwa kwenye mahojiano, umefika na madai yako, na wa upande wa pili naye amekuja na jalada.

“Baba watoto,” akasema mama watoto, “unamzimisha Roho.”

Nilikuwa nasoma Biblia, tena kwa sauti ya chini.

Sisemi watu waombe kwa woga. Maandiko yamejaa wabishi, na Mungu anaonekana kuwapenda. Kinachonikera ni kwamba wabishi wa kwenye Maandiko hawafanani na hawa wa Alhamisi hata kidogo.

Mchukueni Ibrahimu. Katika Mwanzo 18 alianza na wenye haki 50, akashuka 45, akaja 40, 30, 20, mpaka 10, kama mama anayenunua doti ya kanga Kariakoo na hana haraka ya basi. Hoja yake ilikuwa moja, kwamba hakimu wa dunia yote hawezi kumwua mwema pamoja na mwovu. Lakini bidhaa yenyewe ilikuwa Sodoma, mji usiokuwa wake na wenye sifa mbaya. Lutu, mtoto wa ndugu yake, alikuwa anaishi humo, na Ibrahimu hakumtaja hata mara moja. Na katikati ya kuteremsha bei alikumbuka kusema kwamba yeye ni mavumbi na majivu tu. Sijasikia mtu akidai viza huku akijiita majivu.

Au Musa. Watu wamejitengenezea ndama wa dhahabu, Mungu amekasirika, anamwambia Musa amwache awaangamize wote, kisha amfanye yeye Musa kuwa taifa kubwa. Hebu fikirini ofa hiyo ingetolewa Alhamisi sebuleni kwangu. Kabla maneno hayajaisha sofa zote zingekuwa zimesimama: “Napokea! Ni wangu! Nimeshika kwa imani!” Musa hakupokea. Alimkumbusha Mungu kiapo alichowaapia Ibrahimu, Isaka na Israeli, akauliza Wamisri watasemaje wakisikia, na baadaye akasema kama watu hawa hawasamehewi, basi na jina lake lifutwe kitabuni. Alisimama na Neno kweli kweli, ila alisimama nalo ili akatae kupandishwa cheo.

Yule rafiki wa Luka 11, aliyegonga mlango wa mwenzake usiku wa manane bila haya, alitaka mikate mitatu ya mgeni. Njaa haikuwa yake. Na Hana, aliyeomba mtoto, hakupaza hata sauti. Midomo ilicheza tu, mpaka kuhani Eli akadhani amelewa. (Kwetu asiyetoa sauti anadhaniwa amelala. Mimi nimedhaniwa hivyo, na mara nyingine walikuwa sahihi.) Hana alidai mtoto, na katika sala hiyo hiyo akaahidi kumrudisha kwa Mungu, na akamrudisha. Tangu lini mtu akadai gari akaahidi kwamba litakuwa la usharika?

Sasa nirudi kwenye mstari wangu wa kumi, kwa sababu aliyewahi kuudai yupo. Ni Danieli. Alipelekwa Babeli kijana, na sasa ni mzee. Babeli imeanguka, Dario anatawala. Danieli akasoma maandiko ya Yeremia, akapiga hesabu, akaona ile 70 inakaribia kutimia. Kama kuna binadamu aliyekuwa na haki ya kupaza sauti “Umesema!” ni huyu. Alichofanya kipo katika sura ya tisa. Akafunga, akavaa gunia, akajipaka majivu, na akaanza kuungama, tena kwa wingi: sisi, sisi, sisi, wafalme wetu, baba zetu. Akasema waziwazi kwamba haombi kwa kutegemea wema wa mtu yeyote, anategemea rehema. Ndipo mwishoni akamwambia Mungu asikie, atende, wala asikawie, kwa sababu mji na watu wanaitwa kwa jina lake. Asikawie! Hilo ni dai kali kuliko yote niliyowahi kuyasikia kutoka kiti cha plastiki. Lakini limetoka kwa mtu aliyesoma jalada zima, akianzia kurasa za makosa.

Kusoma mstari mmoja na kukimbia nao kuna mwenyewe. Katika Mathayo 4, aliyempandisha Yesu juu ya kinara cha hekalu na kumshauri ajirushe hakuja mikono mitupu. Alikuja na Zaburi 91, ile ya malaika kukuchukua usijikwae. Alinukuu vizuri tu. Yesu akamjibu kwa andiko jingine, kwamba Mungu hajaribiwi. Namkumbuka huyo mnukuu kila nikiona bodaboda inakata upepo kwenye njia ya mwendokasi, dereva hana kofia, abiria wawili hawana kofia, na nyuma ya kiti kuna kibandiko: Zaburi 91.

Mjadala huu ulipopamba moto sebuleni nikakimbilia kwa Luther, nikijua mzee wetu hataniangusha. Kumbe! Mwaka 1540 rafiki yake Philipp Melanchthon alilala hoi mjini Weimar. Kilichomlaza hasa ni fedheha: yeye na Luther walikuwa wamemshauri kwa siri mtawala Philipp wa Hesse kwamba anaweza kuongeza mke wa pili, na siri ikavuja. Luther akafika, akaenda dirishani, akaomba. Mwenyewe alisimulia baadaye kwamba alimsugua Mungu masikio kwa ahadi zote za kusikia maombi alizozikumbuka kwenye Maandiko, na kwamba ilibidi Mungu asikie kama anataka Luther aziamini tena. Melanchthon akainuka, akaishi karibu miaka 20 zaidi. Kwenye darasa la kipaimara tulikaririshwa Katekisimo Ndogo ya mzee huyu mpaka tukaiota, na habari hii hakuna aliyetudokezea. Mama watoto aliifurahia sana, akataka niirudie kwa kundi zima, mpaka nilipomkumbusha kwamba nitalazimika kuanzia kwenye mke wa pili.

Nikawapa basi na George Müller wa Bristol, Mjerumani aliyehamia Uingereza. Tarehe 5 Desemba 1835 alisoma Zaburi 81:10, pale Mungu anapomwambia mtu apanue kinywa naye atakijaza. Akapiga magoti, akaomba nyumba, pauni 1,000 na watu wa kufanya kazi.

“Unaona!” akasema mama wa vitenge. “Pauni elfu, taslimu!”

Nikamwambia asubiri. Nyumba ilikuwa ya yatima. Alipofariki mwaka 1898, yatima zaidi ya 10,000 walikuwa wamepita kwenye nyumba zake, na kila mchango, hata wa peni, uliandikwa daftarini na hesabu zikachapishwa watu wasome. Sala ya pauni 1,000 yenye daftari la mapokezi, hiyo naiitikia amina kwa sauti. Mama wa vitenge akauliza kama Müller aliwahi kuombea mzigo wa biashara. Nikamwambia hapana. Akasema basi huyo hakupanua kinywa vizuri.

Na Paulo je? Aliomba mara tatu mwiba utoke, akajibiwa kwamba neema inamtosha. Mtu aliyeandika nyaraka nyingi za Agano Jipya alikataliwa ombi lake, na akaandika mwenyewe kwamba alikataliwa, bila kulaumu imani ya mtu. Kikombe cha 2 Wakorintho 12:8 bado sijakiona dukani.

Lakini linalonimaliza kabisa ni yule mjane wa Luka 18. Yesu alitaka kufundisha watu waombe bila kukata tamaa, akachagua mfano gani? Mwanamke anayemsumbua kadhi asiyemcha Mungu wala kumjali mtu. Anakwenda, anarudishwa, anakwenda tena, mpaka kadhi anampa haki yake ili apumzike. Mjane huyu alikuwa na ujasiri wa miguu. Sisi wetu unaishia kooni.

Ushahidi ninao. Jirani mmoja, ambaye simtaji kwa sababu ana mbwa, amejenga uzio juu ya mtaro wa mvua. Masika yakija, maji yanakosa njia, yanapiga kona na kuingia sebuleni kwangu, kwenye zulia lile lile tunalopigia magoti. Kundi limeliombea jambo hili kwa nguvu zote. Wamekemea roho ya mafuriko. Wamemkumbusha Mungu Isaya 43:2, kuhusu kupita katika maji mengi. Wamefunga. Ila hakuna aliyekwenda kumwambia mwenye uzio. Kwenye mkutano wa serikali ya mtaa, mwenyekiti aliuliza kama kuna mwenye hoja kuhusu mitaro, na jirani alikuwa amekaa mstari wa mbele. Kiongozi wa maombi, ambaye Alhamisi yake alikuwa ameamuru milima ing'oke, akazama kwenye simu yake. Kijana wa duka akatoka nje kupokea simu ambayo haikuita. Mimi nilinyamaza pia, lakini mimi sijawahi kujitangaza kuwa mtu wa ujasiri. Mimi ni wa namba ya ukurasa. Kwa hiyo Mungu tunamfokea, jirani tunamwamkia shikamoo. Na jirani mwenyewe ni mdogo kwangu kwa umri.

Basi Alhamisi iliyopita nikasimama, nikasema sebule hii ni yangu na kuanzia leo ina masharti. Andiko lolote lije na sura yake. Kila mwenye hitaji lake alete na la mwenzake. Na jambo lolote lenye mwenyewe hapa mtaani, mwenyewe aambiwe, ndipo tumsumbue Mungu.

Nilitegemea wanifokee. Badala yake bibi mmoja wa kundi, ambaye huwa hasikiki kabisa wengine wanaponguruma, akasema, “Baba amenena vema. Mjane alikwenda. Na sisi twende.” Akaulizwa nani atasema tukifika. Akanyoosha kidole kwangu. “Si ndiye anayejua jalada?”

Amina iliyopigwa pale haijawahi kupigwa tangu kundi lianzishwe. Kamati imeundwa, tunakwenda Jumamosi, na msemaji ni mimi. Kijana wa duka la simu amenipa Yoshua 1:9 ya kuwa hodari. Yeye atabaki na viatu vyetu. Mama watoto amenipa Yeremia 29, akasema nisiguse wa kumi wala wa 11, nianze na wa saba, ule wa kuutakia mji amani kwa kuwa katika amani yake na sisi tutapata yetu, na kwamba mji ni pamoja na mwenye uzio. Nimekosa pa kumbishia. Hakika mwanamke huyu ameanza kusoma sura nzima, na nyumba hii haitakalika.

Kwenu wasomaji nina ombi. Msinitangazie ushindi. Ombeni jirani apatikane nyumbani, ombeni nisimwamkie, na ombeni mbwa awe amefungwa. Kiongozi wa maombi amenipa Wafilipi 3:2, inayotahadharisha watu juu ya mbwa, akasema nisimame nayo langoni. Nimeisoma sura yote. Mbwa wanaosemwa pale ni watu.